Masizi ya Mwanga

Nilisugua visahani vitano na nusu kati ya sita, na kwa sababu hiyo mjomba wangu Lukasi akavuliwa filimbi.

Filimbi ile alikuwa nayo tangu kiwanda kikiwa cha serikali. Kilikuwa kiwanda cha sufuria na sahani, huku Mafiga, mjini Morogoro, na kilipouzwa kwa mwekezaji watu walipunguzwa mara tatu. Mara ya kwanza waliondoka wapaka rangi. Mara ya pili waliondoka wapiga nyundo. Mara ya tatu waliondoka hata wale waliokuwa wakiandika majina ya wanaoondoka. Mjomba akabaki getini na filimbi yake. Mwenyewe husema alibaki kwa uaminifu. Mkewe, Mama Glory, husema siku ya makabidhiano mjomba alikuwa ameegemea geti, na geti lilikuwa kwenye orodha ya mali.

Mimi ni mtoto wa dada yake, kutoka Mgeta. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na akiharibu kitu, anayeitwa kujibu ni mjomba. Kwa hiyo mjomba aliponitafutia kazi ya usafi pale kiwandani hakuniombea tu, alijiweka rehani. Alimwambia Daktari Ignas kwamba mpwa wake Prisca haibi, hachelewi na haongei. Hilo la tatu ndilo lililompendeza Daktari.

Ni kweli siongei. Si kwamba sina maneno. Ninayo, tena mengi, lakini yakifika kooni husimama kando kupisha ya wenzangu, na wenzangu hawaishi kupita. Shule niliiacha darasa la tano, mwaka ambao mama aliumwa mgongo na vitunguu vikakosa mtu wa kuvipalilia. Sikuwahi kumwambia mwalimu kwamba naacha. Huenda jina langu bado linaitwa.

Daktari Ignas hakuwa daktari wa watu. Alikuwa daktari wa mwanga. Mjomba alichoka kulieleza jambo hilo getini, maana mwezi wa kwanza walikuja wagonjwa wenye vikohozi, na mama mmoja alikuja na mbuzi. Daktari alizaliwa Turiani, mtoto wa mkata miwa, akasoma Ulaya miaka kumi na mmoja, akarudi na mashine ya kuazima ndani ya sanduku kubwa kuliko kitanda cha mjomba. Bi Shamimu wa Dar es Salaam, ambaye ndiye aliyekinunua kiwanda, alimpa chumba kimoja na miezi sita. Akitengeneza kitu cha kuuzika, ataendelea. Asipotengeneza, chumba kitakuwa stoo ya mabeseni ya plastiki kutoka ng'ambo, ambayo siku zile yalikuwa yakiingia nchini kama nzige.

Nilikipenda chumba kile kuliko mahali pengine popote mjini. Madirisha yalikuwa yamezibwa. Mashine ilikaa juu ya meza ya jiwe, na meza ilikaa juu ya mipira ili lori likipita barabarani isitikisike. Ukutani palikuwa na amri tatu: usilete vumbi, usiguse meza, usiongee mashine ikifanya kazi. Hiyo ya tatu niliisoma mara mbili. Sikujua kama kuna mahali duniani ambapo watu wote wanaamriwa kuwa kama mimi.

Niliingia alfajiri, nikapiga deki, nikafuta vumbi, nikatoka kabla mashine haijawashwa. Kilichotengenezwa mle sikukiona, na kuuliza sikuuliza. Nilichokijua nilikipata kwa Eustace, fundi wa Daktari, kijana wa mjini ambaye huongea fungu lake na fungu langu.

"Sisi humu tunalima, Prisca," aliniambia siku moja. "Wenzako wanalima bustani, sisi tunalima chuma."

Akanieleza kwamba mwanga wa mashine ile hauwaki ukakaa kama taa. Hupiga ukazima, hupiga ukazima, na kila pigo ni fupi mno. Pigo moja mbele ya sekunde moja ni kama sekunde moja mbele ya miaka laki tatu. Ndiyo maana chuma hakipati nafasi ya kushika moto. Kabla hakijajua kwamba kimepigwa, chembe yake imeshakuwa mvuke. Yanayobaki ni matuta, yamepangana kama matuta ya kwetu Mgeta mlimani, ila ni membamba kiasi kwamba unywele mmoja ukilazwa juu yake unafunika mia. Niliwaza nani atayapalilia.

Faida yake, alisema Eustace, ni kwamba chuma chenye matuta yale hakishiki maji wala chakula. Daktari anataka kutengeneza sufuria ambayo ugali hautaganda.

Mjomba alipolisikia hilo alikasirika kama vile ametukanwa. Akaanza kulitangaza getini kwa kila anayepita: sufuria isiyoshika ukoko ni ya nini? Mtoto aliyelia atabembelezwa na nini? Mwanamume aliyechelewa chakula atakwangua nini? Akasema hadharani, mbele ya msimamizi wa kiwanda, Bwana Fransisko, kwamba uvumbuzi ule ungefaa ufie mle mle chumbani. Kumbuka maneno hayo. Bwana Fransisko aliyakumbuka.

Jambo moja tu Eustace alisahau kuniambia. Matuta yale yakilimwa sana hunasa mwanga wote unaoyaangukia, na chuma cheupe kinatoka cheusi tititi, bila rangi na bila moshi.

*

Bi Shamimu alikuwa aje siku ya Ijumaa kuona kazi ya miezi sita. Jumatano Daktari akasafiri kwenda Dar kwa shughuli zake. Kabla ya kupanda basi aliniita, akaniambia kwa upole kwamba wageni hupenda usafi, kwa hiyo nisafishe kila kitu kilichomo chumbani isipokuwa mashine na meza yake. Niliitikia kwa kichwa. Mwingine angeuliza, kila kitu? Mimi nilichukua ndoo.

Eustace alikuwa ameshavitoa visahani kabatini akavipanga kwenye sinia, karibu na sinki, kisha akaenda kutafuta dizeli ya jenereta, maana umeme ulikuwa wa mgao. Vilikuwa visahani sita vya chuma, bapa, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Na vyote vilikuwa vyeusi kama kitako cha sufuria ya kanisani siku ya kipaimara.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu uchanja. Kwetu mgeni akija nyumbani kumwangalia binti, haanzi na uso. Anaanza na uchanja, ile meza ya miti uani tunayoanikia vyombo. Sufuria zikiwa zimeinamishwa na vitako vinang'aa, mgeni anakaa na kuulizia mbegu za maharage, akizunguka zunguka mpaka afike kwenye jambo lake. Vitako vikiwa na masizi, mgeni anakunywa maji na kuaga. Bibi yangu alinifundisha kusugua kabla sijajua kuhesabu: kwanza majivu, halafu mchanga laini wa mtoni, mwisho waya. Alikuwa akisema mtu asiyeongea huongelewa na vyombo vyake.

Tena Eustace alikuwa na jiko dogo la umeme, alilokatazwa, ambalo alilificha nyuma ya kabati na kukaangia mayai mchana. Nilipoona masizi yale nikaelewa yote. Amekosa kikaangio, amekaangia kwenye visahani vya Daktari, ameviunguza, sasa amekimbia na kisingizio cha dizeli. Nikamhurumia. Nikaamua kumfichia aibu yake.

Nikafungulia maji kwenye kisahani cha kwanza. Maji yakakataa. Yalijikunja yakawa shanga, zikabingirika hadi ukingoni zikadondoka, kisahani kikabaki kikavu kama jani la gimbi likinyeshewa. Mwenye elimu angeshangaa. Mimi nikasema moyoni, haya ni mafuta, tena ya nguruwe.

Nikaenda nyuma ya jiko la wafanyakazi nikajaza majivu kwenye kopo. Nikapita kwenye kijito nyuma ya ukuta, nikachota mchanga. Nikakaa chini sakafuni na kuanza.

Masizi yale yalikuwa na kiburi ambacho sijapata kukiona. Masizi ya kawaida huachia kwa mapande. Haya yalikuwa yakifikiria kwanza. Cheusi kikawa kahawia, kahawia ikawa kijivu, kijivu ikakaa saa nzima ikinitazama, ndipo weupe ukaanza kutokeza pembeni. Nilianza saa mbili asubuhi. Saa saba mchana nilikuwa nimemaliza vitano, na vidole havikunjiki. Cha sita kilinishinda. Nusu nilikuwa nimeifikisha kwenye weupe kwa waya. Nusu nyingine niliisugua kwa majivu matupu saa nzima, kwa kuwa waya ulikuwa umeisha, na weusi haukuondoka.

Niliona aibu kukiweka na wenzake. Nikakificha chini ya sinki, ndani ya ndoo yangu, chini ya dekio, nikimalizie siku nyingine. Vile vitano nikavipanga kwenye sinia kama kwenye uchanja, nikavifunika kwa kitambaa cheupe. Eustace aliporudi na dizeli aliona kitambaa, akanisifu kwa kufunika, akafunga mlango. Sikumwambia kitu. Wema hautangazwi. Nikaenda nyumbani nikiwa na furaha, nikalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi.

*

Daktari alirudi Alhamisi mchana, amechoka na ana vumbi, maana basi lilipata pancha Mikese wakakaa juani saa mbili. Mimi nilikuwa nje ya chumba nikifagia. Nilimsikia akifungua mlango, akimwambia Eustace neno, akiinua kitambaa. Kisha nikasikia kimya. Ninazijua aina za kimya, na hicho hakikuwa kile cha mashine.

Alitoka ameshika kisahani kimoja. Kiling'aa mpaka jua likapiga ukuta wa pili. Akamwuliza Eustace kwa sauti ndogo hiki ni nini. Eustace akaapa kwa mama yake kwamba aliviacha vyeusi. Wakahesabu, wakapata vitano.

Hakuna aliyefikiria kwamba vimesafishwa. Daktari alieleza mbele ya Bwana Fransisko kwamba weusi ule si rangi, ni umbo la chuma chenyewe, na hakuna sabuni ya kuutoa. Kwa hiyo vimebadilishwa. Mtu ameingia, ameondoka na vyeusi sita, ameacha vyeupe vitano vya kawaida ili asigundulike haraka. Kutengeneza vingine kabla ya Ijumaa haiwezekani. Kila kimoja kilitaka siku nzima ya mashine, na baada ya hapo majuma mawili ya kukaa tu hewani, kwa sababu chuma kilicholimwa leo hunywa maji kama udongo, na hakianzi kuyakataa mpaka kizoee.

Bwana Fransisko akauliza ni milango mingapi ya kuingilia kiwandani. Ni geti moja. Akaitwa mjomba.

Mjomba akasema alichokuwa akikisema miaka yote, kwamba pale getini kwake hapiti hata mjusi. Hilo ndilo lililomponza. Kama hapiti hata mjusi, alisema Bwana Fransisko, basi hakuna wa kushukiwa ila aliyekaa getini. Halafu akamkumbusha habari ya ukoko, neno kwa neno, mpaka ile ya uvumbuzi kufia chumbani. Akanyoosha mkono. Mjomba akavua kamba shingoni, akaweka filimbi kwenye kiganja cha mwenzake kama anayetoa jino. Ijumaa mgeni akishaambiwa, suala lingepelekwa polisi.

Alirudi kwenye kiti chake. Lori la mkaa likaja, akainuka, akapeleka mkono kifuani, akakuta hakuna kitu, akapunga. Dereva akamwuliza kama anaumwa.

Nilijaribu kusema. Nataka hilo lijulikane. Nilikwenda kwenye mlango wa Daktari nikabisha hodi, lakini nilibisha kwa namna ambayo niliisikia mwenyewe tu. Nikamfuata Eustace. Nikafika hadi "vile visahani," naye akanidaka hapo hapo, akanieleza kwamba ni njama ya wafanyabiashara wa mabeseni, kwamba wana watu wao kila mahali, na kwamba yeye kama yeye alishawashtukia siku nyingi. Alimaliza kengele ya kutoka ikipigwa.

Jioni nyumbani Mama Glory akapakua ugali na mlenda. Mjomba hakunawa. Alisema wakimpeleka kituoni, asiende mtu Mgeta kumwambia mama yangu. Atakwenda mwenyewe akitoka.

"Nitamwambia nini dada yangu?" alisema. "Kwamba miaka ishirini na saba nimelinda geti, halafu nimeibiwa na mtu asiyeonekana?"

Mama Glory akasema labda ni kweli huyo mwizi haonekani, mbona mashine yenyewe inalima matuta yasiyoonekana. Mjomba hakucheka. Akanigeukia mimi.

"Afadhali wewe, mpwa wangu. Wewe kazi yako inaonekana."

Ugali ukanikaa kooni, mahali pale pale maneno yangu yanaposimama. Niliwaza hivi: nikinyamaza, mjomba anakwenda polisi kwa wizi. Nikisema, anayeitwa kujibu makosa yangu ni huyo huyo mjomba. Njia zote mbili zilipita mgongoni kwake. Lakini moja ilikuwa ya mwizi na nyingine ya mtu mwenye mpwa mjinga, na nikaona ya mjinga ni fupi zaidi.

*

Bi Shamimu alikuja Ijumaa saa nne, mwanamke wa makamo, mnene, amevaa viatu vya chini na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipoingia chumbani alipitisha kidole juu ya fremu ya mlango, akakitazama, akaridhika. Nilikuwa nimesimama karibu na sinki na dekio langu. Walikuwepo Daktari, Eustace, Bwana Fransisko, na mjomba, aliyeitwa aje kujieleza, amevaa koti lake la kazi lenye alama nyeupe ya kamba iliyokuwa ikikaa shingoni.

Tulimwamkia shikamoo, akaitikia. Daktari akaeleza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Alisema kazi ilikamilika, tena ilifaulu, lakini hana cha kumwonyesha kwa sababu imeibiwa. Bi Shamimu alichukua kisahani kimoja akakigeuza geuza, akajiona uso wake, akarekebisha mtandio.

Bwana Fransisko akasema mhusika yupo, na kwamba alikuwa akisubiri ruhusa tu ya kupiga simu kituoni. Akaitoa simu mfukoni. Nakumbuka sauti ya vitufe. Alishabonyeza viwili.

"Ni masizi," nilisema.

Wote waligeuka. Eustace aligeuka mara mbili, maana mara ya kwanza alimtafuta mtu mwingine.

"Nilidhani ni masizi," nikasema. "Nikayatoa."

Daktari alinikaribia polepole, kama mtu anayemkaribia ndege.

"Hayatoki," akasema.

"Yametoka."

"Kwa dawa gani?"

"Majivu."

"Majivu ya nini?"

"Ya mkaratusi. Na mchanga. Halafu waya."

Akaniuliza muda gani. Nikamwambia, vile vitano, saa mbili asubuhi mpaka saa saba. Akamgeukia Bi Shamimu, akamwambia kwa heshima kwamba haiwezekani, matuta yale ni ya chuma. Bwana Fransisko akasema ni wazi binti anamkinga mjomba wake, ni desturi yao watu wa milimani, na akabonyeza cha tatu.

Nikaweka dekio chini. Nikainama chini ya sinki, nikaitoa ndoo, nikaingiza mkono, nikakitoa kisahani cha sita. Nusu yake ilikuwa nyeupe kama mwezi na nusu nyeusi kama nilivyoikuta. Niliona aibu kubwa kuliko zote za maisha yangu, kuonyesha chombo kisichokamilika mbele ya mgeni.

"Hiki kilinishinda," nikasema. "Nilikuwa nikimalizie leo."

Daktari alikichukua kwa mikono miwili. Akafungulia maji, akadondosha tone kwenye upande mweupe. Likatandaa, likakaa. Akadondosha tone kwenye upande mweusi. Likajikunja likawa shanga, likabingirika, likavuka mpaka, na lilipofika kwenye weupe likakwama kama mtu aliyefika kwao.

Bwana Fransisko alirudisha simu mfukoni, ikajibonyeza humo humo na kumpigia mtu asiyemjua.

Bi Shamimu akakipokea kile kisahani. Hakukitazama sana. Alikinusa.

"Majivu, kweli," alisema. "Daktari, sufuria hizi ulitaka kumwuzia nani?"

"Kina mama."

"Kina mama wa wapi?"

Daktari akasema wa hapa hapa, Morogoro, Dar, popote.

"Mimi ni mama wa popote," Bi Shamimu akasema. "Niletee sufuria nyeusi ndani na nje, mpya kutoka dukani, nitaisugua kabla sijailipia. Na mkwe wangu ataisugua baada yangu, ili nimwone. Huyu binti hajakuharibia kazi. Huyu ndiye mteja wako wa kwanza, na ameshakurudishia mzigo."

Eustace aliangua kicheko, akakimeza alipoona Daktari hacheki. Daktari alikuwa bado amekikodolea macho kisahani mkononi mwa mgeni.

"Huu upande mweusi," akaniuliza. "Huu hukuusugua."

"Niliusugua."

"Kiasi gani?"

"Saa nzima. Majivu matupu. Waya ulikuwa umeisha."

Akamnyang'anya Bi Shamimu kisahani, hata adabu akaisahau, akadondosha tone jingine, na jingine, na yote yakabingirika. Akatafuta daftari. Akaniambia nirudie: saa nzima, majivu, mkono mmoja au miwili? Nikasema miwili. Akaandika. Akasema maabara alikosoma walisugua chuma cha namna hii kwa kitambaa, mara mia, wakajipongeza. Hakuna aliyewahi kukipeleka kwa mwanamke wa Mgeta.

Bi Shamimu akampa miezi mitatu mingine, kwa masharti mawili. La kwanza, kisiwe cheusi. Daktari akasema inawezekana. Mashine ikipiga kwa upole matuta yatakuwa laini, chuma kitabaki na mng'ao wake na kucheza rangi kama shingo ya njiwa, na maji kitayakataa vile vile. La pili, kila kisahani kitakachotengenezwa kipite kwanza kwangu nikisugue, na niseme kimestahimili muda gani. Niseme, alirudia, akinitazama juu ya miwani. Si kuitikia kwa kichwa.

Ikabaki filimbi. Bwana Fransisko aliitoa mfukoni akamrudishia mjomba. Lakini mjomba hakuivaa. Alisimama katikati ya chumba, akakohoa, akaanza kunijibia, kama inavyompasa mjomba. Aliomba radhi kwa niaba ya ukoo. Alieleza dada yake ni nani, bibi yangu alikuwa nani, na jinsi sufuria zake zilivyojulikana mpaka upande wa pili wa mlima. Alifika kwenye mwaka wa mafuriko ndipo Daktari akamwambia yamekwisha, mzee, yamekwisha. Mjomba akasema jambo la mwisho: alishasema tangu awali kwamba hapiti hata mjusi. Kisha akavaa filimbi na kuipuliza, mle mle ndani, chini ya amri ya tatu. Bwana Fransisko aliziba masikio. Bi Shamimu akasema sasa ameamini kwamba kiwanda kina mlinzi.

*

Kisahani cha kwanza cha shingo ya njiwa kilikuwa tayari baada ya wiki nne, kulimwa na kuzoea hewa. Ukikiinamisha kinakuwa kijani, ukikiinua kinakuwa zambarau, na katikati panapita dhahabu. Hata mjomba alikiri kwamba ni kizuri, ingawa suala la ukoko alisema bado analo moyoni.

Daktari alikuwa amepata fundisho. Hakutaka tena kungoja mgeni ndipo ajue. Ijumaa jioni akanipa nikipeleke nyumbani, nikiweke tu mkononi mwa Mama Glory bila kumweleza lolote, Jumatatu nimletee majibu.

Jumamosi asubuhi nikampa. Alikuwa ameketi uani akichambua mchele. Akakiinua juani. Rangi zikampita usoni, kijani, zambarau, dhahabu. Akakiinamisha, akakiinua tena, na nikaona uso wake unabadilika. Nikafurahi, nikajua sasa atasema neno la kumpelekea Daktari.

"Nani amemwagia hiki mafuta ya taa?" alisema, na akaomba majivu.

Maneno yalinifika kooni. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu wa kuyapisha, lakini niliyaacha yakae, nikaenda ndani kutazama saa.

Jumatatu nilibisha hodi kwa Daktari mpaka Eustace akatoka chumba cha pili kuuliza kuna nini. Daktari alifungua, ameshashika daftari na kalamu.

"Ameanza Jumamosi saa tatu," nikamwambia. "Bado anasugua."